Koplo Hajaripoti

Mama Sindano hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Panya wa karakana aliwafukuza kwa ndara. Meja alipokuja kulalamika kwamba suruali imembana, alimwambia mbele ya vijana wake kuwa suruali haina kosa, kosa ni la tumbo, na Meja akaondoka anacheka. Lakini lilikuwapo neno moja ambalo mwanamke huyu alilikimbia kama watu wanavyokimbia nyuki, na jamani, neno hilo hilo ndilo jeshi lilimtaka alitamke Alhamisi asubuhi, mbele ya meza, akiwa amesimama.

Alikuwa fundi katika karakana ya sare, chumba kirefu chenye cherehani tano na madirisha ya wavu, nyuma ya ghala la kambi. Askari walileta pale mashati yaliyochanika makwapani, suruali za kupunguzwa na mabegi yaliyokatika mikanda. Na mara nyingine lililetwa shati bila mwenyewe. Desturi ya kambi ile ilikuwa hivi: askari akifia kazini, shati lake la pili hupelekwa karakana, na fundi hufumua kile kitambaa chenye jina kilichoshonwa kifuani. Kitambaa hupewa familia pamoja na bendera. Shati hurudi ghalani, mwingine atalivaa. Mama Sindano alikuwa ameyafumua majina ya waume za watu kwa ncha ya wembe, uzi mmoja mmoja, asitoboe nguo, na akimaliza hutoka nje kunawa mikono.

Nyuma ya mlango wa karakana, kwenye msumari, lilining'inia shati la mumewe.

Koplo alikuwa dereva wa lori. Siku alipoondoka kwenda kulinda amani nchi ya mbali, alilivua shati lile pale pale, pindo limefumuka, akamtupia mkewe mapajani. "Shona taratibu, fundi, usiniharibie. Nitalichukua nikirudi." Mbele za watu alimwita fundi. Nyumbani alimwita kitu kingine, na hicho hakituhusu.

Basi huko kwenye nchi ya watu mvua ikanyesha, mto ukafurika, na lori likasombwa kwenye kivuko. Kati ya waliokuwemo, mmoja aliokolewa. Wengine walipatikana wakiwa maiti. Koplo hakupatikana, si mzima wala maiti. Jeshi likaandika kwamba hajulikani alipo. Mama Sindano akatafuta neno lake mwenyewe, akaliokota kwenye vinywa vya wanajeshi wale wale, maana askari akichelewa kurudi kutoka likizo wao husema hajaripoti. Haya basi, Koplo hajaripoti. Ukimuuliza habari za mumewe alikujibu hivyo huku akiendelea kukanyaga cherehani. Mwaka wa kwanza hajaripoti, wa pili hajaripoti, na sasa ulikuwa wa sita. Kambi nzima ilijifunza. Mke mmoja wa sajenti, mgeni, asiyejua mambo ya pale, alimpa pole ya msiba kwenye bomba la maji. Loo! Mama Sindano aliiacha ndoo ikifurika akaenda zake, na watoto wa jirani ndio walioirudisha nyumbani.

Usimcheke. Kila mtu ana kitu anachokishikilia, hata kama kwa mbali kinaonekana kama ukaidi.

Aliyemsaidia kushikilia alikuwa mama mkwe wake, mwanamke mfupi, mkavu, aliyetembea na mwavuli jua liwe au mvua. Aliishi nje ya ua wa kambi, karibu na soko, na kila wiki alikuja, akasimama mlangoni bila kufunga mwavuli, akauliza swali lile lile.

"Ameripoti?"

"Bado, mama. Hajaripoti."

"Haya."

Ndipo hufunga mwavuli, akaingia, akanywa chai. Wangeweza kuendelea hivyo hadi wote wawili wakazeeka, na pengine wangeendelea, lau si Rula kufaulu mtihani.

Rula ni binti yao wa pekee. Jina hilo alijitafutia mwenyewe, maana tangu anatambaa alikuwa mwizi wa rula ya mbao ya mama yake. Alipima meza, alipima paka, alimpima baba yake akiwa amelala mkekani, akaja mbio jikoni kutangaza kuwa baba ameongezeka. Sasa alikuwa msichana mrefu wa maneno machache, na chuo kikuu kilikuwa kimempa nafasi ya kusomea upimaji wa ardhi. Mwingine angeita ngoma. Mama Sindano alimkumbatia mwanawe, kisha akakaa kwenye kiti chake cha kazi, akaanza kuogopa, kwa sababu alijua kitakachofuata. Na kweli kikafuata: Kapteni wa ustawi wa familia akaja karakana kwa miguu yake.

Kapteni alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini, ile sauti ya upole inayotisha kuliko ukali. Alikaa kwenye cherehani ya tano, ambayo haikuwa na mtu.

"Hongera kwa mtoto, mama."

"Asante, afande."

"Jeshi linasomesha chuo kikuu watoto wa askari waliofia kazini. Ada, chumba, vitabu, mpaka siku anavaa joho. Na askari aliye hai, mwanawe hukopeshwa, baba akija mwenyewe kumdhamini. Sasa Koplo hayumo katika hawa wala katika wale."

"Yumo wapi?"

"Yuko katikati, mama. Na hakuna mfuko wa watu wa katikati."

Alimweleza yote bila haraka. Baraza la uchunguzi lingekaa Alhamisi, kama lilivyokaa kila mwaka. Baraza halimtangazi mtu kwa kuhisi. Mke atasema, na yule askari aliyeokolewa kwenye lori atasema. Miaka yote mke amesema hajaripoti na shahidi amesema hakuona, na baraza limeahirisha, na hakuna aliyeumia. Safari hii yupo wa kuumia. Nafasi ya chuo ingefungwa wiki ile ile, na ikishafungwa hupewa mwingine anayesubiri mlangoni.

"Kwa hiyo mnataka niseme nini?" aliuliza Mama Sindano.

"Unajua, mama," alisema Kapteni, na akamgusa bega akiondoka.

Mama Sindano alirudi kwenye suruali aliyokuwa akiipinda, akashona mpaka mwisho, akaikunja, akampa mwenyewe. Askari yule alirudi baadaye ameishika mbele yake kama mtu aliyebeba samaki. Fundi alikuwa ameiunganisha miguu yote miwili. Kwenye cherehani za pembeni walicheka mpaka machozi, naye akacheka nao, lakini jicho lake lilikuwa mlangoni.

Maana alikuwa anaogopa kweli, si kwa mzaha. Waliosema maneno huumba hawakukosea, au yeye aliona hivyo. Maadamu hakuna aliyesema, mlango ulikuwa wazi japo ufa. Akisema yeye, mke, ni sawa na kumsukuma Koplo majini kwa mkono wake. Na kulikuwa na kile kisa cha kambini, ambacho alikisikia zamani akatamani asingekuwa na masikio. Askari wa kikosi kingine alipotea vitani, mkewe akatamka mbele ya baraza, watoto wakasomeshwa. Halafu siku moja akasimama getini mtu mwembamba, akataja namba yake ya jeshi. Kufika kwake akakuta picha yake ukutani imefungwa utepe mweusi. Wanasema hakuingia. Alisimama kizingitini akauliza, "Ni nani aliyewaambia?" Hakuna aliyejua askari huyo alikuwa wa kikosi gani, na kila msimulizi alimpa sura yake. Lakini Mama Sindano alimjua vizuri. Alikuwa na kimo cha Koplo, na alikuwa amevaa suruali tu, kwa sababu shati lake lilikuwa karakana.

Mama mkwe alikuja mapema kuliko siku yake. Safari hii hakuuliza swali lake.

"Nasikia umeitwa."

"Nimeitwa, mama."

"Yule nilimzaa mimi. Usije ukamzika kwa mdomo."

"Na mtoto je, mama? Nafasi yake inapotea."

Mama mkwe aliugeuzageuza mpini wa mwavuli. Midomo yake ilitetemeka, na Mama Sindano akadhani ni hasira. "Mungu hamtupi mja wake," alisema mwishowe, akaondoka na chai ikapoa mezani.

Jioni ile alimkuta Rula ameketi sebuleni na ile rula ya mbao mapajani. Alitazamia kuombwa. Alikuwa amejiandaa kuombwa, kubembelezwa, hata kununiwa, na kila jibu alikuwa nalo.

"Mama, nimeongea na mkuu wa karakana," alisema Rula. "Anasema cherehani ya tano haina mtu."

"Ya nini?"

"Ya mimi. Naweza kuanza wiki ijayo."

"We mtoto una wazimu? Umefaulu vile halafu uje kushona suruali za kina Meja?"

"Sitaki umseme baba kwa ajili yangu." Rula hakuinua macho. "Nikisoma kwa ajili ya neno hilo, halafu siku moja arudi, nitamwambia nini? Akiuliza nani amewaambia, nitamwambia ni mimi, nilikuwa nataka kwenda chuo?"

Mama Sindano alishika ukuta. Hakuwahi kumsimulia mtoto kisa kile. Miaka yote alidhani hofu ni yake peke yake, anaibeba yeye kama mtu anavyobeba mzigo wake sokoni. Kumbe mtoto amekua ndani yake, ameirithi kama alivyorithi pua. Aliingia chumbani akakaa kitandani, akajifunga khanga mabegani, na bado akasikia baridi.

Siku moja kabla ya baraza, alikuja Kijiko.

Kijiko ndiye yule aliyeokolewa. Alipewa jina hilo na Koplo mwenyewe, kwa kutembea na kijiko mfukoni popote aendapo, asije akapitwa na chakula. Zamani alikuwa mcheshi. Siku hizi alikuja karakana kila mwezi na shati lililokatika kifungo, na kila mara ni kifungo kile kile, cha pili kutoka juu. Mama Sindano hakuwa mtoto. Uzi uliochakaa huacha ndevu, uzi uliokatwa kwa wembe huwa na ncha safi. Alijua kijana anakikata mwenyewe apate sababu ya kuja, naye alikishona bila kuuliza, maana aliogopa jibu.

"Shemeji," alisema Kijiko, "kesho nisemeje?"

"Sema unachosema siku zote."

"Sikuona."

"Hukuona."

"Shemeji, lakini mtoto... Mimi nimechoka, shemeji. Mimi siku ile..."

Mama Sindano alikanyaga cherehani. Hakukuwa na nguo chini ya sindano wala uzi tunduni, alikanyaga tu kwa nguvu zake zote, na mashine ikanguruma chumba kizima, ikaufunika mdomo wa Kijiko uliokuwa bado unafunguka na kufungika. Wenzake waligeuka kumtazama. Hakuacha kukanyaga mpaka kijana alipochukua shati lake, akapiga saluti isiyo na maana, akatoka.

Alhamisi ikafika, kama zifikavyo siku mbaya, bila kuchelewa hata kidogo.

Baraza lilikaa katika darasa la kufundishia madereva. Ubaoni palikuwa na mchoro wa injini ambao hakuna aliyeufuta, na juu ya meza kitambaa cha kijani ambacho Mama Sindano alikipinda kwa mkono wake. Nyuma ya meza walikaa Meja, Kapteni wa ustawi na karani. Meja siku hiyo hakuwa na mzaha wa tumbo. Rula alikaa kwenye benchi karibu na mlango. Kijiko alisimama pembeni, kifungo cha pili hakipo.

"Mama," alisema Meja, "tunaomba utuambie. Mumeo yuko wapi?"

"Hajaripoti, afande."

"Mama, tafadhali. Ni mwaka wa sita."

"Hajaripoti."

Karani aliandika. Kapteni aliinamisha kichwa. Meja akamgeukia Kijiko, akamwuliza kama aliona mwisho wa Koplo, na Kijiko akakaza mikono ubavuni, akatazama injini ya ubaoni.

"Sikuona, afande."

"Una hakika?"

"Sikuona, afande."

Meja alifunika kalamu yake. "Basi baraza halina la kufanya. Tunaahirisha."

Hapo ndipo Mama Sindano alipomtazama mwanawe. Alitegemea kuona machozi. Rula hakulia. Alikuwa amefumba macho na mabega yameshuka, anapumua kama mtu aliyeambiwa kwamba gari limempitia pembeni tu. Alikuwa amefurahi. Chuo kimekwenda, upimaji umekwenda, miaka yake yote ya kukesha na vitabu imekwenda, na mtoto anashukuru, kwa sababu mzimu wa kizingitini hautamwuliza neno. Mama Sindano alimwona yuko kwenye cherehani ya tano, ana mvi, anamwambia mtu: hajaripoti. Na aliogopa. Mungu wangu, aliogopa hofu mpya, na hofu hii ilikuwa kubwa kuliko ile ya zamani.

"Kijiko," alisema.

Watu wote waligeuka.

"Jana nilikanyaga cherehani ili usiseme. Hapa hakuna cherehani." Sauti yake ilikuwa nyembamba, haikufanana na yake. "Sema, shemeji."

"Shemeji, usinilazimishe."

"Sema! Mtoto asikie."

Kijiko alisema hajui kuogelea, na Koplo alilijua hilo. Lori lilipolala ubavu Koplo alimsukuma nje kupitia dirishani, kwanza yeye, naye akadaka mti uliokuwa katikati ya maji. Koplo akatoka nyuma yake. Kijiko akamshika mkono.

"Nilimshika, afande. Nilimshika hivi. Halafu mti ukaanza kung'oka, nikaisikia mizizi inakatika. Akanitazama. Mimi..." Aliinua mkono wake wa kulia akautazama kama si wake. "Nilimwachia. Ni mimi niliyeuachia mkono, shemeji, si maji. Kulipokucha nilimwona ng'ambo, amekwama kwenye matawi, kifudifudi. Asubuhi yote nilimwita. Hakugeuka. Mchana mto ukamchukua tena, na helikopta ikanikuta mimi tu."

Meja aliuliza, bila ukali, "Kwa nini uliapa hukuona?"

"Shemeji aliniuliza kabla yenu, afande. Nilishuka kwenye ndege akanifuata, akaniambia, 'Hukumwona, sivyo?' Na alivyoniangalia, nikasema sikumwona. Nikishamwambia yeye, nyinyi ningewaambia nini kingine?"

"Hilo la kiapo tutalizungumza siku nyingine," alisema Meja. Alijikuna shavu, akamtazama Mama Sindano. "Mama. Imebaki kauli yako."

Mama Sindano alifungua kinywa. Ulimi ulikuwa umegandamana na kaakaa. Alijaribu mara ya pili, midomo ikachezacheza, na neno halikutoka. Kapteni aliinuka nusu, akakaa tena.

"Andika," Meja alimwambia karani. "Mke amesikia kauli ya shahidi, na hakuipinga."

"Inatosha, afande?" aliuliza Kapteni.

"Mimi ndiye mwenyekiti. Inatosha. Na wewe peleka habari chuoni sasa hivi, usingoje kesho."

Nje, chini ya ukuta wa darasa, Kijiko alikuwa amesimama wima kama mtu anayesubiri kufungwa pingu. Alilia bila kufuta machozi. Mama Sindano alimsogelea, na kijana akafumba macho.

"Mti ule ungeng'oka," alisema Mama Sindano.

"Sijui, shemeji. Huenda ungestahimili."

"Ungeng'oka. Na leo ningeambiwa na nani?" Alishika shati lake pale palipokosa kifungo. "Na uache kukata vifungo vya serikali. Ukitaka kuja kukaa, njoo ukae."

Yeye na Rula walikwenda moja kwa moja karakana. Wenzake walikuwa wameshapata habari, na walipowaona wakatoka nje mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake. Mama Sindano alilitoa shati msumarini. Aliketi, akachukua wembe.

"Nikusaidie, mama?"

"Shika tu kitambaa kikazike. Hii ni kazi yangu."

Lakini jina halikutoka kirahisi. Mwenyewe alilishona siku Koplo alipopata ukoplo, mishono miwiliwili, akijisifu kuwa jina hilo litatoka na shati lenyewe. Wembe uliteleza, ikabidi asimame, apumue, aanze tena. Kila uzi ulipokatika alitupa jicho mlangoni, kama mtu aliyeshikwa akiiba. Hakuna aliyesimama kizingitini. Kitambaa kilipobanduka, chini yake rangi ilikuwa bado mbichi, kijani kibichi cha siku ya kwanza, na sehemu nyingine yote ya shati imepauka. Rula aliligusa doa lile la kijani kwa kidole, na ndipo akaanza kulia, kwa sauti ya mtoto mdogo.

Sasa likabaki la mama mkwe. Mama Sindano angekubali kusimama mbele ya mabaraza kumi kuliko kutembea kutoka getini mpaka karibu na soko siku ile. Alikifumbata kitambaa kiganjani, jasho likakilowesha. Njiani alitunga maneno akayavunja. Usije ukamzika kwa mdomo. Na sasa mwanawe kafukiwa, na aliyeshika koleo ni mkwe. Alidhani atafukuzwa. Alidhani atalaaniwa, na kwamba laana ya mama mzazi haikosi njia. Rula alimshika mkono, wote wawili mikono ina baridi.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni kwake na mwavuli wazi, kama aliyekuwa anawangoja tangu asubuhi.

"Ameripoti?" aliuliza.

Mama Sindano alifungua kiganja.

Bibi alikitazama kitambaa kwa muda. Kisha akaufunga mwavuli taratibu, akauegemeza ukutani, akakichukua kwa vidole vyake vikavu.

"Nilijua, mwanangu," alisema. "Tangu mwaka ule."

"Nani alikuambia, mama?"

"Nani aniambie? Yule kijana wa kijiko akija kunisalimu, haniangalii usoni. Mwenye tumaini hukuangalia. Nilijua. Lakini kila nikija kwako nikuulize, wewe unaniambia hajaripoti. Nami wiki hiyo chakula kinanishuka. Nilikuwa naogopa siku utakapochoka kunidanganya."

"Mimi nilidhani wewe ndiye unayeamini! Mimi nilikuwa nakuogopa wewe, mama!"

"Na mimi nilikuwa najificha nyuma yako."

Halafu yule mwanamke mkavu, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akitoa chozi, alikikandamiza kitambaa kifuani akapiga yowe. Yowe la miaka sita. Mama Sindano alimdaka kabla hajaanguka, na lake likatoka pia, na la Rula, yakachanganyika yote matatu hata yasijulikane lipi la nani.

Majirani walikuja mbio kutoka pande zote, mmoja na mwiko mkononi, mwingine na mtoto mgongoni, mwingine na kiatu mguu mmoja. "Kuna nini? Jamani, kuna nini? Nani amekufa?"

Bibi alinyamaza. Rula alinyamaza. Wote wawili walimtazama Mama Sindano, naye akageuka akawatazama watu waliojaa mlangoni, kizingiti chote kimejaa, na katika nyuso zote zile hakukuwa na ile aliyokuwa akiiogopa.

"Mume wangu," alisema. "Mume wangu amekufa."

Hakuna aliyeuliza ni lini. Walivua viatu, wakaingia, wakakaa chini.